Kupima Protini kwenye Mkojo Bila Kudanganywa na Kijiti: Mwongozo Kamili

Picha ninayotumiwa huwa ni ileile. Kijiti cha kupimia mkojo kimelazwa kando ya sinki, kiraba cha protini kimeshageuka kijani, na chini yake swali: "Nimepata plasi mbili, figo zimekwisha?" (Plasi ni alama za + za kwenye chati ya kijiti: zikizidi, protini ni nyingi zaidi.) Nami huuliza: ulikisoma baada ya muda gani tangu ukichovye? Jibu mara nyingi ni, "Nilikiacha kwanza nikaoga, halafu nikaja kupiga picha." Hapo hakuna majibu. Kuna karatasi iliyobadilika rangi.

Wengine hukosea upande wa pili. Mtu anajua kesho anapima, basi anashindilia maji lita kadhaa "kusafisha figo". Asubuhi mkojo wake unakaribia kufanana na maji ya bomba, kijiti kinasema hasi, anafurahi. Protini huenda ipo, ila ameizimua.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kinachowaangusha watu ni saa: mkojo wa saa ngapi, sekunde ya ngapi ya kusoma rangi, na miezi mingapi ya kurudia.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Chupa ya vijiti vya kupimia mkojo (wa maabara huviita dipstiki) ambavyo muda wake haujapita.
- Kikopo safi, kikavu, chenye mdomo mpana na kifuniko. Kisiwe kilichooshwa kwa sabuni ikabaki ndani.
- Saa inayohesabu sekunde. Ya simu inatosha.
- Karatasi ya kufyonza, kama tishu.
- Glavu, kama unampima mtu mwingine.
- Mwanga mweupe wa kutosha. Taa ya manjano hukufanya uone rangi ambayo haipo, kwa sababu kiraba chenyewe huanzia kwenye manjano.
- Daftari na kalamu.

Kuna vijiti vya kiraba kimoja, cha protini tu, na vya viraba kumi. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua vya kumi. Viraba vya damu, chembe nyeupe za damu, naitraiti (alama ya bakteria) na uzito wa mkojo (yaani ulivyokolea) ndivyo vitakavyokueleza protini imetoka wapi. Plasi moja ya protini iliyoandamana na naitraiti na chembe nyeupe ina hadithi tofauti kabisa na plasi moja iliyokuja peke yake.

Kabla ya yote, toa kijiti kimoja ukilinganishe na chati iliyo ubavuni mwa chupa. Kiraba cha protini kinapaswa kufanana na rangi ya "hasi". Kama kimeanza kuwa kijani au kahawia kabla hata ya kugusa mkojo, unyevu umeshaingia, na chupa hiyo ni ya kutupa. Ndani ya kifuniko kuna dawa ya kukausha hewa. Ndiyo maana chupa hufungwa mara tu unapotoa kijiti, haiwekwi kwenye friji, na haiachwi bafuni. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, maana vijiti vingi hupewa muda mfupi zaidi baada ya kufunguliwa.

## Hatua ya 1: Chagua siku inayofaa

Figo nzima kabisa inaweza kuvujisha protini kwa muda mfupi. Homa hufanya hivyo. Mazoezi makali hufanya hivyo. Upungufu wa maji mwilini, baridi kali na ugonjwa wowote wa ghafla pia. Protini ya namna hii huondoka yenyewe mwili ukitulia, lakini ukipima siku hiyo utakesha bure.

Kwa hiyo usipime:

- ukiwa na homa au ndiyo kwanza umetoka kuugua;
- ndani ya saa 24 baada ya kukimbia sana, kubeba vizito au kucheza mechi;
- ukiwa kwenye hedhi au siku chache baada yake, kwa sababu damu ina protini nyingi;
- ukiwa na dalili za UTI kama kuungua unapokojoa. Tibu kwanza, pima baadaye;
- ukiwa unatumia dawa inayoupa mkojo rangi ya chungwa, kama fenazopiridini, kwani itaficha rangi ya kiraba.

Shahawa nazo zina protini. Mwanamume aliyefanya tendo la ndoa usiku anaweza kukuta plasi asubuhi ambayo haihusiani na figo hata kidogo.

Onyo moja hapa: haya ni masharti ya uchunguzi wa kawaida. Mjamzito, au mtu aliyevimba ghafla, hasubiri siku nzuri. Nitawarudia.

## Hatua ya 2: Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi

Mkojo wa kwanza baada ya kuamka umekaa kibofuni usiku kucha, umekolea, kwa hiyo protini kidogo iliyomo huonekana kwa urahisi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa imewaokoa vijana wengi na hofu. Baadhi ya vijana hupitisha protini wanapokuwa wamesimama au wanatembea mchana, na haipiti kabisa wakiwa wamelala. Hali hiyo si ugonjwa wa figo. Ukimpima kijana wa namna hiyo alasiri unapata plasi, lakini ukimpima mkojo wa alfajiri unakuta hasi. Sharti ni moja: akojoe kabla ya kulala, ili mkojo wa jioni usichanganyike na wa usiku.

Maji ya kunywa je? Kunywa kama siku zote. Usijaze tumbo wala usijinyime. Kama asubuhi imekupita, mkojo wa wakati mwingine unakubalika kwa kuanzia, mradi uandike saa na ujue kwamba plasi yoyote itahitaji kurudiwa kwa mkojo wa asubuhi.

## Hatua ya 3: Kinga mkojo wa katikati

1. Nawa mikono.
2. Safisha sehemu za siri kwa maji tu, kisha pangusa. Mwanamke apanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma kwanza.
3. Anza kukojoa chooni. Mkojo wa mwanzo unasukuma nje ute, seli na uchafu wa njiani.
4. Bila kukata mkojo, ingiza kikopo na ukinge kiasi cha kuweza kuzamisha kijiti. Mililita 30 hivi zinatosha.
5. Toa kikopo, malizia chooni.

Kwa nini maji tu? Dawa za kuua vijidudu zenye klorheksidini zikidondokea kwenye mkojo hugeuza kiraba kijani hata kama protini haipo. Unajisafisha zaidi ili upate majibu mazuri, na hapohapo unajitengenezea plasi. Ute wa ukeni nao huleta kosa lilelile, ndiyo maana mkojo wa katikati haukwepeki kwa mwanamke.

Umefaulu hatua hii kama mkojo kikoponi hauna nyuzi za ute, tishu wala alama ya damu. Povu lisikutie hofu wala kukupa uhakika: mkojo uliotoka kwa kasi hufanya povu wenyewe. Povu zito linalobaki muda mrefu, siku baada ya siku, ni sababu ya kupima, lakini halitoshi kuwa jibu.

## Hatua ya 4: Chovya

Pima mkojo ukiwa mpya, ndani ya saa mbili. Mkojo uliokaa kwenye joto huzalisha bakteria, bakteria hugeuza urea kuwa amonia, mkojo unakuwa na alkali nyingi, na kiraba cha protini hufanya kazi kwa kutegemea tindikali. Matokeo yake ni kijani cha uongo. Kama lazima usubiri, funika kikopo na ukiweke kwenye friji, halafu kiache kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kupima. Usizidishe saa 24.

Sasa fanya hivi bila kukimbia:

1. Zungusha kikopo taratibu ili mkojo uchanganyike. Usikitikise kama dawa ya kikohozi.
2. Toa kijiti, funga chupa. Usiguse viraba kwa vidole.
3. Zamisha viraba vyote kwa sekunde moja tu, kisha toa. Kijiti kinachoogelea kikoponi huoshwa kemikali zake.
4. Unapokitoa, kiburute kwenye ukingo wa kikopo ili mkojo wa ziada udondoke, kisha gusisha ubavu wake kwenye tishu.
5. Washa saa sekunde uliyokitoa, si ulipomaliza kupangusa.
6. Kilaze bapa. Ukikisimamisha, mkojo wa kiraba kimoja huchuruzika hadi kingine na kemikali zinachanganyika.

## Hatua ya 5: Soma kwenye sekunde 60

Hapa ndipo picha za kando ya sinki zinapoharibikia, basi nisimulie kwa taratibu.

Kiraba huanza cha manjano kama limau. Ndani yake kuna rangi inayobadilika ikishikwa na albumini, protini kuu ya damu. Kama mkojo hauna albumini, kwenye sekunde 60 kinabaki manjano. Ukiwa nayo kidogo, manjano inaanza kuingiwa na ukijani ambao ni rahisi kuupuuza. Baadaye kinakuwa kijani dhahiri, na protini ikiwa nyingi kinaelekea kijani chenye ubuluu.

Soma pale muda unaoandikwa kwenye chupa yako unapofika. Kwa protini mara nyingi ni sekunde 60. Sogeza kijiti karibu kabisa na chati, sambamba nayo, ukizingatia kisigeuzwe juu chini. Nimeshaona mtu mzima, msomi, akisoma kiraba cha pH akidhani ni cha protini kwa sababu alikishika kinyume.

Baada ya dakika mbili, rangi haina maana tena. Inaendelea kukolea yenyewe, kingo zinaanza kuwa nyeusi zaidi ya katikati, na hakuna daktari anayeweza kuitafsiri. Ukipitwa, tupa, chovya kingine. Kama kiraba kimekuwa na mabaka, sehemu manjano na sehemu kijani, rudia pia.

Andika hapohapo, kabla hujamuonyesha mtu.

## Hatua ya 6: Elewa plasi zako

Kwenye chati nyingi hatua zinakwenda hivi:

- Hasi: haijaonekana protini ya kutosha kugeuza rangi.
- Chembe (trace, yaani protini kidogo mno): kati ya miligramu 15 na 30 kwa desilita.
- 1+: takriban miligramu 30 kwa desilita.
- 2+: takriban 100.
- 3+: takriban 300.
- 4+: 1000 au zaidi, kutegemea aina ya kijiti.

Kijiti hupima mkolezo, hakijui umekojoa kiasi gani kwa siku. Tazama kiraba cha uzito wa mkojo. Plasi moja kwenye mkojo mzito wa 1.030 inaweza kuwa ni ukavu wa mwili tu. Plasi ileile kwenye mkojo mwepesi wa 1.005 ni jambo la kufuatilia kwa haraka zaidi, kwa kuwa protini imejitokeza licha ya maji yote hayo. Na "hasi" kwenye mkojo mwepesi sana usiitie mfukoni kama cheti.

Pia kijiti kina upofu wake. Kinaona albumini, kinakosa karibu protini nyingine zote, zikiwemo zile za saratani ya uboho iitwayo mieloma. Na hata albumini yenyewe hakiioni mpaka imekuwa nyingi kiasi. Kwa mwenye kisukari au presha hii ni hatari, maana uvujaji wa mwanzo, ule unaotibika vizuri, unapita chini ya macho ya kijiti. Kwao hasi ya kijiti haitoshi; waende hatua ya 7 moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Thibitisha kwa ACR

Ukipata chembe ya protini au zaidi, au ukiwa na kisukari, presha au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa figo, omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotoka kwa mkojo). Kwenye fomu huandikwa ACR. Hutumia kikopo kimoja cha mkojo, vizuri ukiwa wa asubuhi.

Kreatinini inaingia kwa sababu mwili huitoa kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa kila siku. Ukinywa maji mengi, albumini inazimuliwa na kreatinini inazimuliwa vilevile. Ukigawanya moja kwa nyingine, athari ya maji inajifuta. Mfano: albumini miligramu 60 kwa lita, kreatinini milimoli 10 kwa lita. 60 gawa kwa 10 ni 6 mg/mmol.

Viwango vya kusomea:

- Chini ya 3 mg/mmol (chini ya 30 mg/g): kawaida au imeongezeka kidogo sana.
- 3 hadi 30 mg/mmol (30 hadi 300 mg/g): imeongezeka kwa wastani.
- Zaidi ya 30 mg/mmol (zaidi ya 300 mg/g): imeongezeka sana.

Angalia kizio kabla ya namba. Mtu anapewa jibu la 25 mg/mmol, anaingia mtandaoni, anasoma kwamba "chini ya 30 ni kawaida", anapumua. Ile 30 ilikuwa ya mg/g. Namba yake kwa kizio hicho ni karibu 220, mbali sana na kawaida. Kama kuna jambo moja la kukopi kutoka hatua hii kwenda kwenye daftari lako, ni kuandika kizio pembeni ya kila namba.

Mkojo wa saa 24 bado huombwa mara mojamoja. Ukiombwa, kosa kubwa ni la mwanzo: ukiamka saa 1:00 asubuhi, mkojo huo wa kwanza unamwaga chooni na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu, hadi mkojo wa saa 1:00 asubuhi ya kesho, ambao nao unaingia. Ukikosa hata mara moja, sema. Kawaida protini yote ya siku huwa chini ya miligramu 150. Zaidi ya gramu 3.5 ni uvujaji mkubwa unaohitaji daktari bingwa wa figo.

## Hatua ya 8: Rudia kabla ya kuitwa mgonjwa

Jibu moja baya halitoshi kumpa mtu ugonjwa sugu wa figo. Uvujaji unapaswa kuendelea kwa angalau miezi mitatu. Utaratibu wa kawaida ni kurudia ACR hadi ipatikane mbaya mara mbili kati ya tatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita.

Wakati huohuo pima kreatinini ya damu, inayokokotolewa kuwa eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja. Vipimo hivi viwili vinaangalia vitu tofauti. Mtu anaweza kuwa na eGFR nzuri huku akivuja albumini, na mwingine, kwa mfano mwenye figo za vifuko, akawa na mkojo usio na protini huku figo zinapungua nguvu. eGFR chini ya 60 iliyodumu zaidi ya miezi mitatu ni ugonjwa sugu hata kama kijiti ni manjano safi.

Ratiba ya wenye kisukari: aina ya 2, pima ACR tangu siku ya kugundulika, kisha kila mwaka. Aina ya 1, anza miaka mitano baada ya kugundulika, kisha kila mwaka. Mwenye presha naye apime. Mara ngapi, itategemea jibu la kwanza.

## Wasiosubiri miezi mitatu

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama:

- Una ujauzito wa zaidi ya wiki 20 na kijiti kinaonyesha protini, hasa presha ikiwa 140/90 au zaidi, au kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au maumivu yapo juu ya tumbo upande wa kulia. Hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.
- Mtoto anaamka macho yamevimba, na kijiti kinasoma 3+ au 4+.
- Mkojo una rangi ya chai ya rangi au kola, au umepungua ghafla.
- Miguu na uso vimevimba na pumzi inakata.

## Utakachobeba kwenda kwa daktari

Usiende na kijiti kikavu kwenye mfuko wa nailoni. Nenda na daftari. Mstari mmoja kwa kila kipimo, mfano:

"Jumanne, saa 12:20 asubuhi, mkojo wa kwanza. Protini 1+ kwenye sekunde 60. Damu hasi, naitraiti hasi, uzito 1.015. Sina homa, sikufanya mazoezi jana. Presha 138/86."

Ongeza orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za maumivu za kujinunulia kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo figo inayovuja haizitaki. Kama tayari unatumia dawa za presha za kundi la enalaprili au losatani, zitaje kwa jina na dozi: zinapunguza protini kwenye mkojo, na daktari atahitaji kujua jibu lako ni la kabla au la baada ya kuzianza. Usiziache ili "kipimo kitoke sahihi". Na ukiwa kwenye dawa hizo halafu ukagundua una mimba, hilo ndilo la kwanza kusema ukiingia chumbani kwake, kabla ya daftari.